Supu ya kuku ndani ya pilau ya mboga

Mhariri,

Jumapili iliyopita nilikaa barazani na gazeti lenu, kikombe cha kahawa tungu kando, nikafungua ukurasa wa mapishi kama desturi yangu. Kichwa kilisema: Pilau ya mboga kwa wasiokula nyama. Nikafurahi, maana watu hao hukumbukwa kwa nadra. Mchele vikombe 2, njegere, karoti, kitunguu, bizari ya pilau. Nikafika mstari wa sita: supu ya kuku vikombe 3.

Nilifuta miwani nikarudia. Nikampa mjukuu wangu anisomee kwa sauti. Supu ya kuku, vikombe vitatu. Naye, mtoto wa darasa la tano, akaniuliza, "Bibi, kwani kuku ni mboga?"

Swali lake si la kuchekwa. Ukienda bara, mboga ni chochote kinachoshushia ugali: sukuma, maharagwe, hata nyama yenyewe. "Leo mboga ni nini?" Jibu ni matumbo. Sisi huku Pwani tuna kitoweo na tuna mchuzi, na mboga tunazitenga upande wa majani, lakini mji huu umechanganyika, na siku hizi mtu akikwambia "nitilie mboga" hujui anataka mchicha au mbavu. Kwa hivyo sidhani mwandishi wenu alikusudia ubaya. Aliona kuku hayumo kwenye sinia, akaridhika. Supu aliihesabu kuwa ni maji.

Kosa hilo nalijua kwa sababu nimelifanya mwenyewe, tena hadharani.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Biriani yangu inajulikana kuanzia Kibokoni hadi Bondeni, wala sioni haya kusema hivyo. Miaka 9 iliyopita nilipewa harusi hapa Mji wa Kale wa Mombasa, wageni 400 na ushei. Asubuhi ya siku yenyewe mama wa bibi harusi akaniambia juu juu, huku anakimbilia mambo mengine: "Shoga, kuna jamaa wa Kihindi wanaofanya kazi na mwanangu, watu wanane, hawali nyama. Watazamie kitu." Nikamjibu asiwe na shaka.

Kitu nilichowatazamia ni hiki. Nilichota rojo la biriani kutoka sufuria kubwa, nikaokota nyama moja moja kwa upawa nikaziregesha zilikotoka, nikabakisha viazi, nikatia karoti na njegere, nikalipa moto kidogo. Wali nilikuwa nao. Nikapakua, nikanyunyiza zabibu na vitunguu vya kukaanga juu. Lilipendeza, wallahi.

Miongoni mwa wale wanane alikuwemo bibi mmoja mkongwe, sari ya rangi ya ziwaridi, wenzake wakimwita Ba, yaani mama. Akaniuliza kwa Kiswahili cha hapahapa, maana amezaliwa Makadara: "Mama, humu mna nini?"

"Mboga tu, mama. Kula, bismillahi."

Akala kijiko cha kwanza, cha pili. Cha tatu akasita kutafuna. Akatoa kitu kinywani kwa ncha za vidole, akakiweka ukingoni mwa sahani. Kilikuwa kibanzi cha mfupa, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Hakupiga kelele. Hakuniita. Aliifunika sahani kwa kitambaa cha karatasi, akaisogeza kando, akaendelea kuzungumza na wenzake habari za bibi harusi na hina yake. Usiku kucha hakula ila ndizi mbivu moja na maji. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye pazia la upande wa jikoni, nikayaona yote. Angenitukana ningejua la kujibu.

Siku ya tatu nilikwenda kumwomba radhi. Kwao si mbali na lile hekalu la marumaru nyeupe la Majaini, watu wa dini yake ya Kihindi, barabara ya Langoni. Alinikaribisha, akanipa chai, akasema kosa ni lake kwa kutouliza mara ya pili. Hilo lilinichoma zaidi. Kisha akaniuliza, kama mpishi anavyomuuliza mpishi mwenziwe, "Ulipoitoa ile nyama, ulitia nini mahali pake?"

Nikasema, karoti.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Karoti nayo hatuli!"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Majaini wanaoshika dini yao sawasawa hawali vitu vya kung'olewa ardhini: kiazi, karoti, kitunguu, thomu. Ukiking'oa umeua mmea mzima, na umewaua vijidudu wa kwenye udongo wake. Wengi wao pia hawali jua likishatua, na mimi nilikuwa nimewapakulia saa 3 ya usiku. Ba alinieleza kwamba akiwa ugenini hufumba macho kwa kitunguu na kiazi na saa, asimtie mwenyeji tabuni. Kwa nyama hakuna kufumba macho.

Akanichukua jikoni kwake. Alikuwa na sufuria la punje za manjano zilizokwisha kuiva na kupondeka. Nikadhani ni adesi. "Hapana," akasema, "hizi ni mbaazi." Mbaazi, Mhariri! Mbaazi zetu hizihizi za kulia mahamri asubuhi, ila zimekaushwa, zikaambuliwa maganda na kupasuliwa. Akatia sukari guru kidogo, ukwaju, chumvi, bizari ya manjano. Kisha akateleka kijisufuria kidogo cha mafuta, akangoja mpaka yakapata moto hasa, akatupia haradali. Zikaanza kuruka na kugonga kifuniko kama mvua ya rasharasha juu ya mabati. Zilipotulia akatia jira. Halafu akafungua kikopo cha bati, na kabla sijaona kilichomo harufu ilinifikia nikarudi hatua moja nyuma.

Ulikuwa mvuje, ule utomvu mkavu wa mmea. Nyinyi mliolelewa na bibi zenu mnaujua. Kwetu mvuje haukai jikoni. Hufungwa katika kitambaa cheusi akavishwa mtoto mchanga asipatwe na kijicho, au hufukiziwa mtu mwenye mambo yake. Nikamwambia Ba, sisi huu twamfukuzia shetani. Akasema, "Na mimi namfukuzia njaa." Akachukua kiasi cha punje moja ya mchele, akatupa kwenye yale mafuta. Harufu ile ya uvundo ikageuka papo hapo, ikawa kama ya kitunguu na thomu vilivyokaangwa pamoja, na hali jikoni mle hamna hata kimoja. Akamimina mafuta yote juu ya mbaazi, chwaaa, akafunika. Nilikula bakuli mbili. Nyama sikuikumbuka.

Tangu siku hiyo swali la Ba ndiyo mizani yangu. Si "nitoe nini?" bali "nitie nini mahali pake?" Maana nyama katika mchuzi ina kazi inayofanya: inatia uzito, inatia chumvichumvi ile ya kushika ulimi, inaacha mafuta midomoni. Ukiiondoa na kazi yake ikabaki bila mwenyewe, utapata yale maji ya karoti wanayopewa wagonjwa. Wapishi wa dunia hii wameshalitatua jambo hili zamani, kila mmoja kwa njia yake, na nusu ya njia hizo unaweza kuzipita kwa bidhaa za masoko yetu ya Marikiti na Kongowea bila kuvuka bahari.

Nitawapa mfano wa mpangaji wetu Mhabeshi aliyekaa ghorofa ya juu miaka miwili. Wakristo wa Kiothodoksi wa Ethiopia wana saumu nyingi ajabu: kila Jumatano na Ijumaa, na siku 55 kabla ya Pasaka, na nyinginezo. Saumu yao ni kuacha nyama, maziwa, siagi, mayai. Mchana huvumilia njaa, na wakija kula hula vitu vya mimea. Mama yule akifunga, harufu iliyoshuka kwenye ngazi ilitutesa sisi tusiofunga. Nikapanda kutazama.

Siri yake ilikuwa kitunguu. Kwa nusu kilo ya adesi nyekundu alikata vitunguu karibu kilo nzima, vidogo kama chenga za mchele, akavitia kwenye sufuria kavu. Kavu, bila mafuta! Nilitaka kumpokonya mwiko. Akavikoroga kwa moto mdogo, akinyunyiza maji kijiko kimoja kimoja vikishika, robo saa, nusu saa, mpaka vikayeyuka vikawa kama uji mzito wa rangi ya udongo. Hapo tu ndipo alipotia mafuta, na berbere, ule mchanganyiko wao mwekundu, kisha adesi. Berbere yeye aliletewa kutoka kwao. Mimi naitwanga mwenyewe: pilipili kavu, uwatu, iliki, dania, karafuu, pilipili manga, tangawizi kavu, vyote vya Marikiti, nikivikaanga kwanza pasi na mafuta. Inatoka vizuri, ingawa mwenyewe aliionja akasema, kwa adabu, "Ni ya Mombasa." Mkate wao wa teff, nafaka ya kwao, siuwezi. Nalia anjera ya Kisomali ninayonunua kwa jirani, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kabla ya ndoa nilipika Jidda miaka 6, katika nyumba kubwa yenye wapishi watatu, mmoja wao Mmisri. Siku mabwana wakisafiri, yeye alitupikia koshari: chini wali na adesi za kahawia, juu yake makaroni, juu yake dengu, kisha rojo la tungule lenye thomu na siki kali, kisha vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka vikawa vya kuvunjika. Mara ya kwanza nilidhani amekosa akili, wali na makaroni sahani moja. Mara ya pili niliomba nyongeza. Ukikosa siki kwa Mmisri yule ilikuwa ugomvi. Alisema bila siki hicho ni chakula cha hospitali. Nami nikamwambia, mwenzangu, toa makaroni, toa siki, weka pojo mahali pa adesi na tui mahali pa maji: huu ni mseto wa bibi yangu. Wengi husema asili ya koshari ni Uhindini, wali na pojo au adesi zao zipikwazo pamoja. Walebanoni nao wana wa kwao, adesi na mchele na vitunguu vilivyokaangwa karibu na kuungua.

Jidda pia ndiko nilikosikia kisa cha Waturuki na biringani. Wana chakula jina lake, kwa Kiswahili, ni Imamu Alizimia. Biringani hupasuliwa tumbo, ikajazwa vitunguu, thomu na tungule, ikapikwa polepole ndani ya mafuta ya zeituni. Wengine husema imamu alizimia kwa utamu. Wengine husema alizimia alipoambiwa mke wake ametumia mafuta kiasi gani. Nilimpikia ustadhi wetu wa madrasa nikamweleza visa vyote viwili, naye akasema yeye angezimia kwa bei ya mafuta.

Kwa mapenzi yangu lakini, biringani bora duniani ni ya kupaka, na sijaiona pengine popote. Mnajua samaki wa kupaka. Chukueni biringani ndefu, mzichanje mistari, mzipake chumvi, ndimu, thomu na pilipili, mziweke juu ya makaa mpaka ngozi ikunjane na ndani iwe laini kabisa. Kando muwe na tui la kwanza, lile zito lililokamuliwa kabla ya kutiwa maji mengi, mlichemshe na bizari ya manjano na ukwaju huku mkikoroga lisikatike, mpaka libaki kama maziwa ya mgando. Pakeni upande mmoja, geuzeni, pakeni wa pili, rudieni mara tatu. Mafuta ya nazi yakidondokea makaa moshi hupanda ukarudi kwenye biringani, na moshi ule ndio unaofanya kazi ya samaki. Nilimpelekea Ba, bila thomu, kabla ya magharibi. Alinitumia sahani yangu siku ya pili ikiwa na viazi karai ndani, nikashangaa, yeye na viazi? Kumbe zilikuwa ndizi mbichi zilizochemshwa, zikavikwa unga wa dengu na kukaangwa. Siku hizi nauza zote mbili, na wateja wa ndizi wanaongezeka.

Mwanangu wa pili ni baharia, na kila akishuka bandari nampa kazi moja: niambie watu wa huko wanakula nini siku hawana nyama. Kutoka Kingston, Jamaika, alinipigia simu akicheka. Jumapili huko wanapika wali kwa tui la nazi na maharagwe mekundu, na Krismasi ikifika huweka mbaazi mbichi. Alisafiri nusu ya dunia kwenda kula chakula cha nyumbani. Hukohuko wapo Marasta wasiogusa nyama, na wengi wao hawatii hata chumvi. Ladha yote ni nazi, pilipili na majani. Kutoka Salvador, Brazili, akanisimulia wanawake wa nguo nyeupe wanaouza barabarani bajia za kunde, zimekaangwa katika mawese, wanaziita acarajé. Wanaijeria nao wana akara, ni kitu kilekile. Kunde ni zao la Afrika; lilivushwa bahari pamoja na watu waliotekwa utumwani, na mapishi yakavuka nao. Nikisaga kunde kwa bajia za Ramadhani huwa nawakumbuka wanawake wale wa nguo nyeupe ambao sijawahi kuwaona. Ila mwanangu alinitahadharisha: zile za Salvador huzipasua wakajaza kamba wakavu. Ukiwa huli cha baharini, sema mapema.

Hapo sasa nimerudi kwenye supu yenu ya kuku, maana ina ndugu wengi waliojificha. Vyakula vya mboga vya Kijapani vingi vimepikwa kwa supu iitwayo dashi, na dashi ya kawaida ina samaki mkavu aliyeparwa. Watawa wao wa Kibudha hutumia mwani na uyoga mkavu tu, na inatoka supu yenye nguvu (mwani wao si huu unaolimwa Kibuyuni kule Kwale, nimeshajaribu, nikaishia na uji). Mchuzi wa Kitailandi ni wa tui kama wetu, unaweza kudhani umepikwa Lamu, lakini ndani mara nyingi mna maji ya samaki na kamba waliosagwa. Jibini ile ngumu ya Kiitaliano ya kukwaruzia juu ya makaroni hugandishwa kwa kitu kinachotolewa tumboni mwa ndama. Jelatini ni mifupa na ngozi. Na vile viungo vya pakiti vya dukani ambavyo kila mpishi wa mji huu anavyo kwenye droo, vingine vimechorwa ng'ombe mzima, pembe na mkia, naye mpishi anavimwaga kwenye kabeji kisha anasema ni mboga.

Watu hao pia si wa namna moja. Mhindi wa Kibaniani anakula samli na maziwa kwa raha zote lakini yai wengi wao hawaligusi, kwa hivyo keki yako usimpe kabla ya kumwambia. Mgeni wa Nyali asiyetumia chochote cha mnyama hali samli wala asali. Msabato wa mtaani kwetu anakula mayai. Mume wangu ana jongo, daktari amempunguzia nyama nyekundu na maini. Yeye si mtu wa mboga ni mtu wa kulalamika, lakini biringani za kupaka anazila kimya.

Wapo watakaosema, ni mgeni mmoja kati ya mia, ale tu, hatatambua. Nawauliza Waislamu wenzangu: sisi tukiwa ugenini si huuliza jelatini hii ni ya mnyama gani, mafuta haya yamekaangia nini? Na tukijibiwa "kula tu, hutatambua", si huaga tukaondoka? Mimi nilimjibu Ba vilevile. Nilimwambia mboga tu.

Binti wa dada yangu anasoma chuo cha hoteli, sitakitaja. Alinionyesha daftari lake. Kwa mgeni asiyekula nyama ameandikiwa saladi, chipsi, na mboga za kuchemsha. Basi. Katika mji wenye mbaazi za nazi, maharagwe ya nazi, kisamvu, mchicha wa tui, mashelisheli, ndizi mbichi za nazi, bamia, mkate wa mofa, vibibi, mahamri, muhogo wa kuchoma pale ufukweni Mama Ngina na pilipili yake na ndimu, mgeni anapewa karoti za kuchemsha. Nilimwambia, mwanangu, mwulize mwalimu wako lile swali la Ba. Aliuliza. Mwalimu akasema halimo kwenye mtihani.

Kuhusu afya nitasema machache, si kazi yangu. Mchele na nafaka peke yake havitoshi kujenga mwili, ila vikiliwa na kunde, mbaazi au adesi vinasaidiana, na ndiyo maana dunia nzima imeangukia mseto. Ndimu juu ya mchicha husaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Asiyekula kabisa kitu cha mnyama, hata maziwa, lazima aulize habari za vitamini B12, kwa sababu kwenye mimea haipatikani. Na maharagwe mekundu yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yatokote kwa nguvu. Yakipikwa kwa moto hafifu yakabaki magumu yanatapisha vibaya. Kisamvu nacho kitwangwe na kichemshwe sana, kibichi kina sumu.

Ombi langu ni masahihisho, Jumapili ijayo, ukurasa uleule, kwa sababu yupo mtu aliyekata karatasi ile akaibandika jikoni, na siku moja atampikia mama wa watu. Mstari wa sita ondoeni. Andikeni hivi: dengu kikombe 1, zilowekwe usiku kucha, zichemshwe asubuhi kwa maji mengi na kijiti cha mdalasini na iliki 3 mpaka ziive, na maji yake yasimwagwe. Vitunguu viwe 3 vikubwa, si kimoja kama mlivyoandika, vikaangwe mpaka viwe rangi ya halua, karibu na weusi lakini visiungue. Rangi ya pilau hutoka hapo, haitoki kwenye nyama kama wengi wanavyodhani. Akija mgeni asiyekula kitunguu, mahali pake ni mvuje, kiasi cha punje ya mchele kwenye mafuta ya moto, na pilau itakuwa nyeupe kidogo, si neno. Kisha bizari, mboga zenu zilezile, dengu, mchele, na juu yake yale maji ya dengu. Vikombe ni vilevile 3.

Wenu,
Mpishi wa shughuli,
Kibokoni, Mombasa